Gharama ya Kutoa Taarifa: Jinsi Dunia Ilivyojifunza Kufuatilia Magonjwa ya Mlipuko

Novemba 1869 kipindupindu kiliingia mjini Unguja. Haikuwa mara ya kwanza. Watu wazima walikuwa bado wanaikumbuka miaka ya 1858 na 1859, na waliokula chumvi nyingi zaidi waliweza kusimulia ya 1836 na hata ya 1821. Kilichowashangaza wengi safari hii ni upande ugonjwa ulikotokea. Zanzibar iliishi kwa pepo za msimu: kaskazi ikileta majahazi ya Arabuni, Ghuba na Bara Hindi, kusi ikiyarudisha kwao. Mtu wa pwani alizoea kutazama baharini akitaka kujua heri na shari vinatoka wapi. Lakini ugonjwa huu ulitoka bara. Ulionekana kwanza Pangani, kisha ukavuka bahari ile nyembamba hadi kisiwani.

Mjini alikuwapo daktari Mskoti, James Christie, aliyekuwa tabibu wa Sultani. Kutibu wagonjwa na kuhesabu maiti hakukumtosha. Alitaka kuijua njia. Akaanza kuuliza: wafanyabiashara, manahodha, wamisionari wa pwani, watu wa misafara waliorudi kutoka Umasaini. Kila jibu alilipima na mengine, akarudi nyuma kituo baada ya kituo. Mwaka 1876 alichapisha London kitabu cha milipuko ya kipindupindu Afrika Mashariki tangu 1821 hadi 1872, na humo maelezo ya nchi, makabila na njia za biashara yamechukua nafasi kubwa sana. Alikuwa na sababu. Kwa hesabu yake, ugonjwa ule ulikuwa umeondoka Makka wakati wa hija ya 1865, ukavuka Bahari ya Shamu, ukashika njia ya Uhabeshi, ukateremka kusini kupitia nchi za wafugaji hadi Umasaini, na misafara ya pembe za ndovu ikaufikisha pwani. Kutoka Unguja uliendelea na safari: ukafuata pwani hadi Kilwa na kusini zaidi, ukapanda tena bara kwa barabara za wachukuzi. Hata mizigo iliyotumwa kutoka Zanzibar kumfuata David Livingstone huko ndani ilichelewa kwa sababu watu waliokuwa wakiibeba walikumbwa na maradhi hayo.

Kazi ya Christie ni miongoni mwa tafiti za kwanza za kina za namna ugonjwa unavyosafiri Afrika Mashariki. Ilikuwa na kasoro moja tu: ilikamilika wafu walipokuwa wamekwisha kuzikwa. Ili habari iokoe watu, haina budi kufika kabla ya ugonjwa. Na ili ifike kabla, lazima yule anayeuona kwanza aseme. Hapo ndipo ulipo ugumu wa historia yote hii, kwa sababu anayeuona kwanza mara nyingi ndiye mwenye hasara kubwa akisema.

Hasara hiyo ni ya kale. Mwaka 1377 mji wa Ragusa, ambao leo huitwa Dubrovnik, uliamuru watu waliotoka sehemu zenye tauni wakae kando kwa mwezi mzima kabla ya kuingia. Mwaka 1423 Venice ilitenga kisiwa kizima kwa ajili ya wagonjwa wa tauni, na muda wa kungoja ukaja kuwa siku 40. Baadaye bandari za Mediterania zilijenga utaratibu wa hati za afya. Meli iling'oa nanga na karatasi iliyosema kama bandari ilikotoka ni salama au ina ugonjwa, na hati hiyo ndiyo iliyoamua muda wa kuzuiliwa mwisho wa safari. Hati chafu ilimaanisha shehena kuozea melini na wanunuzi kwenda kwingine. Si ajabu kwamba wakubwa wa bandari walichelewa mno kuandika neno tauni.

Kipindupindu kiliufanya mvutano huo kuwa wa dunia nzima. Mwaka 1817 kilitoka Bengal, mwaka 1821 kilikuwa Muscat, na miaka ya 1830 kiliingia miji mikuu ya Ulaya na kuvuka Atlantiki. Meli za moshi na reli zilifupisha safari, na ugonjwa nao ukafupishiwa safari. Kila dola ilijitungia masharti yake. Meli moja ingeweza kuruhusiwa katika bandari hii na kuzuiliwa wiki kadhaa katika bandari inayofuata, bila sababu ya kueleweka.

Tarehe 23 Julai 1851 Ufaransa ilikusanya wajumbe wa mataifa 12 mjini Paris wazungumzie masharti ya pamoja. Kila taifa lilipeleka watu wawili, mmoja daktari na mmoja mwanadiplomasia, na kila mmoja alikuwa na kura yake. Utaratibu huo ulieleza tatizo waziwazi: mwili ulikuwa na msemaji wake, biashara nayo ikawa na wake. Walizungumza kwa miezi 6. Hawakukubaliana kama kipindupindu kinaambukizwa au kinatokana na hewa chafu. Waingereza, wenye meli nyingi kuliko wote, hawakutaka karantini. Nchi za kusini mwa Ulaya hazikutaka kuiacha. Mkataba uliandikwa, lakini mwishowe ni nchi 3 tu zilizouridhia, na haukudumu.

Maarifa yenyewe hayakuwa mbali. Mwaka 1854 John Snow alionyesha jinsi maji ya pampu moja ya London yalivyoua mtaa, na mwaka huohuo Filippo Pacini wa Florence alikiona kijidudu cha kipindupindu kwa hadubini yake. Hawakusikilizwa. Ilipita karibu miaka 30 hadi Robert Koch alipokibainisha upya huko Misri na Calcutta, mwaka 1883 na 1884.

Kilichowashtua wakubwa kilikuwa tukio la hija ya 1865, ileile ambayo Christie aliitaja kuwa chanzo cha maafa ya Unguja. Inakadiriwa kwamba mahujaji 15,000 walikufa. Waliobaki walirudi makwao kwa meli za moshi, na baada ya wiki chache tu kipindupindu kilikuwa Suez, kisha Alexandria, kisha bandari za Mediterania. Mwaka uliofuata kilikuwa New York. Mkutano wa 1866 uliofanyika Konstantinopoli, mji ambao sasa ni Istanbul, ulitamka kwamba ugonjwa hubebwa na watu wanaosafiri na kwamba chimbuko lake ni India. Miaka mitatu baadaye Mfereji wa Suez ukafunguliwa, na hofu ya Ulaya ikajikusanya kwenye njia ile nyembamba ya maji.

Vituo vya kukagua vikajengwa. Mwaka 1882 Dola ya Osmani ilifungua karantini katika kisiwa cha Kamaran, kusini mwa Bahari ya Shamu, kwa mahujaji waliotoka kusini na mashariki, wengi wao Wahindi na watu wa visiwa vya Java. Upande wa kaskazini, wale waliorudi kwa njia ya Misri walizuiliwa El Tor, kwenye rasi ya Sinai. Walikaa kambini siku kadhaa na walilipishwa ada. Ukaguzi huo ulisaidia, lakini mzigo wake ulimwangukia hujaji maskini kuliko mwenye shehena, kwa kuwa hujaji hakuwa na mjumbe wa kumpigia kura mikutanoni.

Mkataba wa kwanza wenye nguvu ulipatikana Venice mwaka 1892, nao ulihusu Suez peke yake. Mwaka uliofuata, mjini Dresden, wajumbe walikubaliana mambo mawili ambayo yameishi hadi leo. La kwanza, serikali inayogundua kitovu cha kipindupindu nchini mwake iwaarifu wenzake. La pili, ugonjwa ukitangazwa, kinachohesabiwa kuwa na maambukizi ni sehemu ile tu yenye wagonjwa, mji au wilaya. Nchi nzima isitiwe doa. Mambo hayo mawili yalikuwa nipe nikupe. Toa taarifa mapema, na sisi tutakata pale palipooza tu. Kitu kinachoitwa eneo lenye maambukizi, chenye mipaka, tarehe ya kuanza na tarehe ya kufutwa, kilianzia katika maelewano hayo.

Karatasi za Dresden hazikuwa zimekauka wino tauni ilipoamka. Ilizuka Hong Kong mwaka 1894, ambako Alexandre Yersin alikitambua kijidudu chake, na mwaka 1896 ikafika Bombay, bandari iliyofungamana na Zanzibar na Mombasa kwa majahazi na meli za moshi. Mkutano wa Venice wa 1897 ukaiingiza tauni katika orodha ya magonjwa ya kutangazwa. Mwaka 1902 ilikuwa Nairobi, mji wa reli uliokuwa na umri wa miaka michache tu, na serikali ya kikoloni ikauchoma moto mtaa wa maduka ya Wahindi. Zanzibar nayo ilikitumia kisiwa cha Changuu, chenye jela ambayo haikuwahi kupokea wafungwa, kuwazuilia abiria wa meli. Hivyo ndivyo pwani yetu ilivyoingizwa katika mikataba ya Ulaya: kwa kuzuiliwa na kuchomewa, bila kuulizwa.

Mwaka 1907, kwa makubaliano yaliyotiwa saini Roma, mataifa yaliunda ofisi ya kudumu ya afya ya umma yenye makao Paris. Kwa mara ya kwanza palikuwa na anwani moja ya kupelekea habari. Tatizo likawa mwendo. Taarifa ilitoka kwa daktari hadi kwa serikali, kwa balozi, kwa posta, hadi ofisini, kisha ikachapishwa katika jarida la kila mwezi. Ofisa wa bandari aliyelisoma alikuwa anasoma historia.

Mapinduzi ya kweli yalitokea Singapore. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Shirikisho la Mataifa lilikuwa na idara ya afya chini ya Ludwik Rajchman, daktari wa Kipolandi aliyepambana na homa ya chawa katika nchi yake iliyobomoka. Machi 1925, kwa msaada wa fedha za Wakfu wa Rockefeller, idara hiyo ilifungua ofisi Singapore, mahali njia za meli za Bahari ya Hindi na Pasifiki zinapokutana. Kazi yake ilielezeka kwa maneno machache. Kila juma bandari zilituma simu ya maandishi kueleza wagonjwa na vifo vya kipindupindu, tauni na ndui. Ofisi ilizijumlisha, ikatuma muhtasari kwa wote. Eneo lake lilianzia pwani ya mashariki ya Afrika, likapita India na China hadi Japani na Australia.

Ugumu ulikuwa katika utekelezaji. Simu ya maandishi ililipiwa kwa neno, na juma lenye ugonjwa lilikuwa juma la maneno mengi. Ofisi ikatunga kitabu cha mafumbo ambamo neno moja lilibeba sentensi nzima, ili hata bandari fukara imudu gharama. Kisha ikaingia simu ya upepo. Vituo vya redio, kikiwamo kile kikubwa cha Malabar katika kisiwa cha Java, vilitangaza muhtasari wa juma, na nahodha aliyekuwa katikati ya bahari aliweza kujua hali ya bandari anayoiendea kabla ya kuuona mnara wake. Yale ambayo Christie aliyatafuta kwa miaka, sasa yalipatikana kwa siku chache.

Ofisi ya Singapore ilifaulu pia kwa sababu isiyo ya ufundi. Bandari ziligundua kwamba habari za kweli zinazokuja kila juma huzipunguzia hasara. Mahali pasipo na habari, jirani hufunga mlango kwa uvumi. Mahali penye habari, anaweza kuzuia meli ya bandari moja na kuziacha kumi ziingie. Tarehe 1 Aprili 1926 makao makuu ya Geneva nayo yakaanza kutoa jarida lao la kila wiki la takwimu za magonjwa. Ofisi ya Singapore ilizimwa na vita, Wajapani walipouteka mji Februari 1942. Jarida la Geneva halikufa; Shirika la Afya Duniani, WHO, lililoanza rasmi tarehe 7 Aprili 1948, lililirithi na linalitoa hadi leo.

Mwaka 1951 WHO iliikusanya mikataba yote ya zamani katika kanuni moja. Magonjwa ya kutangazwa yalikuwa 6: kipindupindu, tauni, ndui, homa ya manjano, na homa mbili zinazoenezwa na chawa. Nchi ilitakiwa kutuma simu ndani ya saa 24 tangu kupata habari ya mgonjwa wa kwanza. Eneo likaingizwa katika orodha ya jarida la wiki kwa jina la wilaya, bandari au uwanja wa ndege. Masharti ya kutoka orodhani yaliandikwa kwa usahihi wa hesabu. Kipindupindu kilipewa siku 5 za kujificha mwilini; siku hizo zikipita mara mbili tangu mgonjwa wa mwisho kufa, kupona au kutengwa, wilaya iliweza kufutwa. Na ili kumlinda mwenye kusema ukweli, kanuni iliongeza sharti zito: hatua zilizotajwa humo ndizo kikomo, nchi isizidishe.

Msafiri wa kawaida aliijua kanuni hiyo kwa kadi ya manjano. India ina mbu wanaoweza kueneza homa ya manjano lakini haijapata kuwa na ugonjwa wenyewe, kwa hiyo iliogopa na inaendelea kuogopa. Anayetoka Afrika Mashariki kwenda Mumbai bila cheti cha chanjo anaweza kuzuiliwa siku 6, muda uleule wa ugonjwa kujificha. Nyuma ya ofisa anayeikagua kadi kuna orodha ya nchi, na nyuma ya orodha kuna taarifa ambazo mtu fulani alikubali kuzitoa.

Lakini taarifa zilianza kukauka. Mwaka 1961 aina mpya ya kipindupindu ilitoka kisiwa cha Sulawesi, Indonesia. Iliitwa El Tor, kwa kuwa vijidudu vyake vilionekana kwanza mwaka 1905 katika kituo kile cha mahujaji cha Sinai. Mwaka 1970 ilifika Guinea, na serikali ya huko haikutangaza. WHO, chini ya mkurugenzi wake Marcolino Candau, ikavunja mwiko na kuutangazia ulimwengu ugonjwa ambao mwenye nchi hakuukiri. Guinea ilikasirika. Wengine waliona hatari, na tabia hiyo haikuendelezwa. Kanuni ilibadilishwa jina mwaka 1969, homa zile mbili za chawa zikatoka orodhani, na ndui ikaondolewa mwaka 1981, baada ya mgonjwa wake wa mwisho wa njia ya kawaida kuonekana Merka, pwani ya Somalia, mwaka 1977. Yakabaki magonjwa 3 tu, na hata hayo yalitangazwa kwa kusuasua.

Sababu ya kusuasua inaonekana katika matukio mawili. Septemba 1994 tauni iliripotiwa Surat, India. WHO haikupendekeza safari zisitishwe, lakini mashirika ya ndege yalifuta safari na nchi kadhaa za Ghuba zikafunga anga zao kwa ndege za India. Miaka mitatu baadaye zamu ikawa ya Ziwa Victoria. Mvua za El Niño zilifurika, kipindupindu kikaenea Kenya, Uganda na Tanzania, na Desemba 1997 Umoja wa Ulaya ukapiga marufuku samaki wabichi kutoka nchi hizo pamoja na Msumbiji. Viwanda vya minofu ya sangara vya Mwanza, Kisumu na Jinja vilikosa soko, na mvuvi wa mtumbwi ambaye hakuwa mgonjwa akakosa mnunuzi. WHO ilisema wazi kwamba katazo hilo halikuwa na msingi wa kitaalamu. Liliondolewa katikati ya 1998. Kanuni ya 1951 ilisema hatua zisizidishwe, ila haikuwa na mkono wa kumzuia mwenye soko. Waziri wa afya anayeyakumbuka hayo hawezi kulaumiwa sana akitaka kungoja vipimo vya pili, na vya tatu.

Kungoja nako kuna bei. Januari 1995 mtu mmoja aliugua Kikwit, katika nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire. Ugonjwa ulipita kimyakimya katika familia, kisha hospitalini, na ni Mei ndipo maabara ilipothibitisha kuwa ni Ebola. Watu 315 waliugua, na takriban 8 katika kila 10 walikufa. Ebola haikuwamo katika orodha ya magonjwa 3, kwa hiyo kwa kanuni hakukuwa na cha kutangaza. Mwezi huohuo wa Mei mkutano mkuu wa WHO ukaagiza kanuni iandikwe upya.

Wakati maofisa wakiandika, wengine walitafuta njia ya kuipita serikali. Mwaka 1994 wataalamu walianzisha ProMED, mtandao wa barua pepe wa kupeana habari za milipuko. Mwaka 1997 Kanada ilianzisha mfumo wa kompyuta wa kupekua magazeti ya dunia kutafuta dalili za magonjwa. Tarehe 10 Februari 2003 ProMED ilibandika swali fupi kuhusu vifo katika mji wa Guangzhou, kusini mwa China. Kesho yake China iliiarifu WHO juu ya wagonjwa 305 wa homa kali ya mapafu. Ugonjwa huo, uliokuja kuitwa SARS, ulikuwa umeanza Novemba. Daktari Carlo Urbani wa WHO, aliyepiga mbiu kutoka Hanoi baada ya kumwona mgonjwa mmoja hospitalini, aliambukizwa na kufa tarehe 29 Machi. Dunia ilipata wagonjwa 8,096 na vifo 774 kabla ya WHO kutangaza Julai kwamba mnyororo umekatwa.

Bila SARS pengine kanuni mpya ingezidi kukaa kabatini. Ilipitishwa Mei 2005 na kuanza kutumika tarehe 15 Juni 2007. Orodha fupi ya magonjwa haikuwa msingi tena. Jambo lolote lenye dalili za kuwa dharura ya kimataifa lazima litangazwe ndani ya saa 24 baada ya kupimwa. Kila nchi ikawa na ofisi maalumu ya mawasiliano. Na WHO ikaruhusiwa kupokea habari zisizotoka serikalini, kisha kuitaka serikali ithibitishe. Yale Candau aliyoyafanya mwaka 1970 kwa kuthubutu, sasa yakawa na njia ya kisheria.

Kanuni hiyo ilipimwa vikali mashariki mwa Congo. Kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020 Ebola ilienea Beni, Butembo na vijiji vyao, katikati ya vita. Wafuatiliaji wa waliokutana na wagonjwa walikwenda nyumba kwa nyumba, wakizungumza Kiswahili na lugha za kwao, na katika vizuizi vya barabarani wasafiri walipimwa joto na kunawa mikono. Watu 3,470 waliugua na 2,287 walikufa. Mgonjwa alipoonekana Goma, Julai 2019, WHO ilitangaza dharura ya kimataifa na papo hapo ikazisihi nchi jirani zisifunge mipaka. Kwenye mpaka wa Goma na Gisenyi maelfu huvuka kila siku kwenda sokoni. Ukiufunga mlango wenye maji na kipimajoto, watapita njia za panya, ambako hakuna anayewahesabu. Siku moja ya Agosti Rwanda ilifunga, kisha ikafungua. Uganda ilipata wagonjwa wachache waliovuka hadi Kasese, wakagunduliwa mapema kwa sababu watu wa mpakani walikuwa wamejiandaa.

Hata hivyo adhabu ya msema kweli haijafutwa. Novemba 2021 wanasayansi wa Afrika Kusini na Botswana waliitambua aina mpya ya kirusi cha Uviko-19 na kuitangaza bila kuchelewa. Ndani ya siku mbili Uingereza, Umoja wa Ulaya na Marekani zilikuwa zimezitangazia nchi za kusini mwa Afrika vizuizi vya usafiri, ingawa aina hiyo ilikuwa imeshafika Ulaya.

Nyumbani nako funzo limetolewa kwa njia mbili. Machi 2023 Tanzania ilitangaza yenyewe ugonjwa wa Marburg mkoani Kagera, na mlipuko ukaisha kwa wagonjwa 9. Januari 2025 WHO iliarifu juu ya washukiwa wa Marburg mkoani humohumo. Wizara ikajibu kwamba vipimo havikuonyesha ugonjwa. Siku chache baadaye, tarehe 20, Rais Samia Suluhu Hassan alithibitisha mgonjwa Biharamulo, mkurugenzi wa WHO Tedros Adhanom Ghebreyesus akiwa pembeni yake jijini Dodoma. Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 13 Machi.

Tangu maswali ya Christie hadi kompyuta za Geneva, ufundi wa kufuatilia magonjwa umeongezeka mara nyingi kuliko ujasiri wa kuyataja. Leo kirusi kinaweza kusomwa vinasaba vyake kwa siku moja, lakini ramani ya dunia bado inaanzia kwa mganga wa zahanati anayeamua kuipeleka taarifa wilayani, na kwa waziri anayeamua kuipeleka Geneva. Wajumbe wa Dresden waliliona hilo mwaka 1893: hakuna atakayesema mapema ikiwa malipo yake ni kufungiwa. Mataifa tajiri yaliikubali kanuni inayosema hivyo, nayo yamekuwa ya kwanza kuivunja kila hofu inapoingia sokoni. Wakitaka kuambiwa mapema, waache kuwaadhibu wanaosema. Nasi tusisubiri mpaka watende haki, kwa sababu anayeficha ugonjwa huanza kuwazika watu wake mwenyewe.